Anayebandika tangazo la muziki, naye ana hesabu?



Alhamisi moja baada ya darasa la Isha, kijana mmoja niliyemsomesha tangu akiwa kwenye Juzuu Amma alibaki nyuma wakati wenzake wakitafuta viatu vyao mlangoni. Alisubiri mpaka msikiti ukabaki na watu wachache, kisha akaja akakaa mbele yangu. Kwenye kucha zake kulikuwa na ukoko mweupe. Nilidhani ni chokaa, kumbe ni gundi ya unga wa ngano.

Kazi yake, aliniambia, ni kubandika matangazo ya maonesho ya muziki. Anaondoka nyumbani saa sita usiku na ndoo ya gundi, brashi na bunda la karatasi. Anapita kwenye nguzo za umeme, kuta za viwanja vya mpira, vituo vya daladala, na hata pale palipoandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni marufuku kubandika matangazo. Alfajiri inapoingia, mtaa mzima umeshajua bendi gani inapiga wapi, siku gani, na kiingilio ni kiasi gani. Analipwa kwa idadi ya karatasi.

"Ustadh," akasema, "mimi siimbi, sipigi gitaa, na humo ukumbini siingii. Nabandika karatasi tu. Je, pesa ninayompelekea mama ni halali?" Mama yake ana kisukari, na dawa zake hazisubiri fatwa.

Nilimwomba anipe wiki moja. Jibu lililonijia haraka mdomoni lilikuwa "haramu, acha", lakini lilinitia shaka kwa wepesi wake. Makala haya ni matunda ya wiki ile, pamoja na jambo ambalo kijana yule alinijibu na ambalo sikulitarajia.

Tuanze na hali halisi ilivyo. Mkoa wa Dar es Salaam, kwa sensa ya 2022, una watu zaidi ya milioni 5. Katika umati wote huo, mtu anajuaje kuwa leo usiku kuna muziki wa jukwaani mahali fulani? Zamani jambo hili lilikuwa na njia zake. Wazee wanakumbuka bendi kama NUTA Jazz, iliyoanzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ikabadili majina kadiri chama kilivyobadilika, JUWATA kisha OTTU, mpaka leo inajulikana kama Msondo Ngoma. Wanakumbuka Mlimani Park Orchestra ya 1978, ambayo baadaye ilikuwa chini ya DDC, shirika la maendeleo la jiji, na watu wakaiita Sikinde. Kila bendi ilikuwa na kumbi zake na siku zake, na wapenzi wake wakizijua kama wanavyojua siku ya gulio. Redio ilikuwa moja, Radio Tanzania. Asiyekuwa na redio aliambiwa na mfanyakazi mwenzake, jirani, au kinyozi.

Kwa upande wa taarab, vyama kama Egyptian na Al-Watan vilikuwepo hapa mjini tangu zama za ukoloni, na huko Zanzibar Akhwani Safaa imekuwepo tangu 1905. Huko habari ilikwenda kwa kadi ya mwaliko, kwa harusi, na kwa midomo ya kina mama. Tusijifanye hatujui kuwa katika haya yote Waislamu walikuwemo kwa wingi, jukwaani na vitini.

Kisha mlango ukapanuka. Sheria ya utangazaji ya 1993 iliruhusu redio binafsi, na watangazaji wakaanza kutaja "viwanja" vya wikiendi kama wanavyotaja hali ya hewa. Yakaja magazeti ya burudani, magari yenye spika yanayozunguka mitaani mchana, ujumbe mfupi wa simu, na sasa Instagram, stetasi na magrupu ya WhatsApp. Leo kijana hahitaji kuuliza muziki uko wapi. Habari yenyewe inamtafuta mpaka kitandani.

Hapa ndipo nilipoona tofauti moja ambayo naomba tuizingatie. Zamani aliyekuambia kuna ngoma mahali fulani alikuwa mtu anayekujua. Alijua kama una mke anayejifungua, kama una deni, kama umetoka tu msibani, kama umeapa kuacha pombe. Alikuambia au alinyamaza kwa kadiri ya anavyokujua. Ukuta haumjui mtu. Simu nayo, hata ikijua kuwa unapenda nyimbo za aina fulani, haijui kuwa umetubu wiki iliyopita.

Naandika haya nikiwa na dhima yangu mwenyewe. Nilipokuwa chuo kikuu, kabla Allah (s.w.) hajanielekeza kwenye njia niliyopo, nilikuwa nazijua ratiba zote. Nilijua Sikinde wako DDC Kariakoo lini, nilijua Twanga Pepeta wanakutwa Mango Garden kule Kinondoni siku gani, nilijua taarab ya Magomeni inaanza saa ngapi kwa ahadi na saa ngapi kwa kweli. Wenzangu wa bweni walikuwa wakiniuliza kila Ijumaa, nami nikijibu kwa fahari, kwani kujua ni cheo. Jumamosi moja mwenzangu wa chumba aliniuliza wapi kuna bendi nzuri. Nilimtajia ukumbi mmoja, na ukumbi ule ulikuwa baa. Mwenzangu alikuwa na miezi minne hajagusa pombe, na mimi nilikuwa shahidi wa miezi ile minne, usiku kwa usiku. Alikwenda. Mimi nilibaki bwenini kusoma kwa ajili ya mtihani. Alirudi alfajiri akiwa hawezi kufungua mlango kwa ufunguo wake.

Kwa miaka mingi nilijifariji: sikumshika mkono, sikumnunulia kinywaji, nilijibu swali tu. Leo kijana mwenye gundi kwenye kucha ananiuliza swali ambalo nilikuwa nimelikwepa mwenyewe.

Ndugu msomaji, katika suala hili kuna majibu mawili mepesi, na yote mawili yanapendwa na watu.

Jibu la kwanza ni lile la Waswahili: mjumbe hauawi. Anayepeleka habari hana dhambi, mwenye dhambi ni mtendaji, na kila mtu ana akili zake. Lakini tuuchunguze msemo huu. Mjumbe asiyeuawa ni yule aliyetumwa na mtu maalumu kwa mtu maalumu, na kazi yake ni kufikisha maneno bila kuongeza wala kupunguza. Tangazo la muziki haliko hivyo. Tangazo linatengenezwa ili limvute asiyekuwa na nia. Linasema "usikose", linasema "wahi mapema", na mara nyingine linasema kina dada wanaingia bure mpaka saa nne usiku. Tujiulize, kwa nini wao waingie bure? Mwenye ukumbi hatoi sadaka. Anajua kuwa kina dada wakijaa, wanaume watalipa, tena watanunua. Basi dada zetu wametangazwa kama sehemu ya bidhaa, na karatasi iliyosema hivyo ina mkono ulioibandika. Huyo si mjumbe wa msemo ule.

Isitoshe, Uislamu umeweka hesabu kwenye kuonesha njia. Mtume (s.a.w.) ametufundisha, katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim, kuwa anayemuonesha mwenzake kheri ana ujira mfano wa anayeitenda. Nasi tunaipenda sana hadithi hii tunapochangisha ujenzi wa msikiti. Je, tunaweza kuukubali mlango huu unapoingiza thawabu, tukaufunga unapoelekea kwenye dhima? Qur'an nayo imetuamrisha tusaidiane katika wema na uchamungu, na imetukataza kusaidiana katika dhambi na uadui (5:2). Kutangaza ni kusaidia. Kama kusingekuwa msaada, kusingekuwa na mtu wa kukulipia.

Jibu la pili jepesi ni kinyume chake: wote sawa, muimbaji, mpiga ngoma, mbandikaji na aliyesambaza kwenye simu. Wenye jibu hili hupenda kutoa mfano wa pombe, ambapo hadithi imewataja kwa laana watu kumi, akiwemo anayeibeba na anayebebewa. Mfano huu una nguvu, lakini una upungufu wa aina mbili. Kwanza, pombe imekatazwa kwa andiko la wazi na umma mzima umekubaliana. Muziki una maelezo. Jamhuri ya wanazuoni wa madhehebu manne wamekataza ala nyingi na kuruhusu dufu katika harusi na Idi. Ibn Hazm yeye alizikataa hoja za makatazo. Na sote tunaijua hadithi ya wasichana wawili waliokuwa wakiimba siku ya Idi nyumbani kwa Bibi Aisha, Abu Bakr akawakemea, na Mtume (s.a.w.) akamwambia awaache. Anayetoa hukumu moja kwa kila sauti ya ngoma ameiacha hadithi hii nje ya mlango.

Pili, mnyororo ukivutwa bila mpaka haukatiki. Aliyeshona suti ya muimbaji naye vipi? Dereva wa daladala aliyempeleka? Aliyeuza simu? Fundi umeme? Tukienda hivyo tutafika mahali ambapo kila mtu ana dhambi kwa hiyo hakuna mwenye dhambi, na kijana wetu ataondoka bila jibu.

Katika wiki ile nilirejea kwa Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, sawa na 1111 Miladia. Katika Ihya yake ana kitabu kizima kuhusu kusikiliza nyimbo na adabu zake. Humo amenukuu fundisho la Junayd wa Baghdad, kuwa kusikiliza kunahitaji mambo matatu, na yakikosekana basi ni bora kuacha. Mambo hayo ni wakati, mahali na watu. Wakati, usiwe wa Sala au wa jambo lingine linaloushughulisha moyo. Mahali, pasiwe pabaya. Watu, wasiwe wale ambao kukaa nao kunaharibu. Ni kweli wanazuoni hawa walikuwa wakizungumzia vikao vya wachamungu, wala si bendi za kumbi za starehe, na ni kweli Ghazali mwenyewe alizikataza ala ambazo zama zake zilikuwa alama ya walevi. Lakini kipimo chao kilinifanya nishtuke.

Kwa nini nilishtuka? Chukua tangazo lolote la muziki katika jiji hili, la karatasi au la kwenye simu. Linasema nini? Linasema lini, linasema wapi, na linasema nani atakuwepo. Wakati, mahali na watu! Mambo yale yale matatu. Mbandikaji hawezi kusema hakujua, kwa sababu anachokibandika ndicho kinachotakiwa kujulikana ili kutoa hukumu. Mkononi mwake ana maswali yote matatu ya Junayd na majibu yake, tena kwa rangi.

Basi na tulisome tangazo kama anavyolisoma fakihi. Likisema ni dufu na kaswida za harusi, Jumapili mchana, ukumbi wa kina mama peke yao, mbandikaji amefanya kazi ya halali, tena amesaidia ndoa itangazwe. Likisema ni usiku kucha mpaka majogoo, katika baa, kina dada bure, hapo muziki wenyewe umekuwa jambo dogo kuliko yote, na hata anayeamini kuwa gitaa ni halali hawezi kuihalalisha karatasi ile. Kati ya mawili haya kuna mengi yenye utata: tamasha la vijana uwanjani mchana, taarab ya ukumbini wanakokwenda mume na mke, ngoma za asili kwenye sherehe ya taifa. Humo kila mtu aiulize dini yake na moyo wake, na anayejiepusha na shaka ameihifadhi dini yake na heshima yake.

Nami kwa uchungu wa bwenini naongeza la nne, ambalo karatasi haiwezi kulijibu lakini mtu anaweza: hali ya anayeambiwa. Unapomtumia mwenzako tangazo, unamjua. Kwa kuwa unamjua, dhima yako inaweza kuwa nzito kuliko ya mbandikaji, ambaye anawaambia wapita njia wote kwa pamoja. Mimi sikubandika karatasi hata moja. Nilisema sentensi moja kwa mtu mmoja, na nilimjua. Mtume (s.a.w.) ametuonya kuwa inamtosha mtu kuwa mwongo kwa kusimulia kila anachokisikia. Sisi tuna simu zinazosambaza kila tunachokiona kabla hatujamaliza kukisoma. Wangapi kati yetu, tena wenye ndevu na hijabu, tumesambaza ratiba ya viwanja "kwa taarifa tu"?

Alhamisi iliyofuata kijana alikuja, nikamweleza haya kama nilivyokueleza wewe. Nikamwambia: kazi ya kubandika haina ubaya kwa asili yake, hukumu iko kwenye kinachobandikwa. Achague. Karatasi za baa aziache, na Allah (s.w.) ameahidi kuwa anayemcha atamtengenezea njia ya kutokea na kumruzuku asipotarajia (65:2-3). Nilikuwa nimeridhika na jibu langu.

Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Ustadh, matangazo ya mihadhara na maulidi nimebandika mara nyingi, hata yale ya darasa lako ya Ramadhani. Unakumbuka nililipwa nini?"

Sikukumbuka, kwa kuwa hakulipwa kitu. Tulimwambia ni fi sabilillah, malipo yake kwa Mola. Gundi alinunua mwenyewe. Nauli alitoa mwenyewe. Mtu wa bendi alimlipa siku ileile, mkononi, tena akamuuliza kama amekula. Akaongeza, bila hasira, kuwa karatasi za mihadhara yetu humfikia siku moja kabla, zimejaa maandishi madogo, jina la mgeni rasmi kubwa kuliko mada, na mahali pa mhadhara pamesahaulika. "Watu wa muziki wanataka watu waje," akasema. "Ninyi sijui."

Ndugu Waislamu, hapo ndipo mizani yangu ilipoinama. Nilikwenda kumpimia kijana dhambi yake, nikakuta ina wanahisa, nami ni mmoja wao. Tunamwambia kijana aache riziki yenye shaka, na halali tunayomwekea mbele ni ya kujitolea. Tunalalamika kuwa vijana wanajua kiwanja cha Ijumaa usiku na hawajui darasa la Jumamosi asubuhi, kana kwamba elimu ya kwanza imewashukia kutoka mbinguni. Haikushuka. Mtu alikesha akaipeleka, na mtu mwingine alimlipa kwa kukesha kwake.

Sisemi kuwa kosa letu linahalalisha karatasi za baa. Kila nafsi itabeba mzigo wake. Lakini anayehukumu naye aulizwe ameifanyia nini halali ili iweze kushikika.

Nahitimisha kwa mambo mawili. Kwanza, kwako wewe mwenye simu. Kabla ya kusambaza tangazo la muziki, soma wakati, mahali na watu, kisha mfikirie yule unayemtumia kwa jina lake na hali yake. Ukiona ungeona haya kumwambia hayo mbele ya mama yake, usimwambie kwa kificho cha simu.

Pili, kwa kamati zetu za misikiti. Kijana anayebandika, anayechapa na anayesambaza tangazo la kheri ni mfanyakazi, na ujira wake alipwe kabla jasho lake halijakauka, kama tulivyofundishwa. Kwa upande wetu, tangu siku ile tumeweka fungu dogo kwa kazi hiyo. Si kubwa, na sitadanganya kuwa linalingana na la watu wa kumbi. Kijana amekataa karatasi za baa, amebaki na za harusi, za mpira na zetu, na kuna mwezi umepita ambapo dawa za mama yake zilinunuliwa kwa mchango wa wanafunzi wenzake wa darasa. Bado hajajitosheleza, na bado nalibeba hilo.

Na yule mwenzangu wa chumba? Nilimtafuta mwaka huu, nikampata kwa simu, nikamwomba msamaha. Alicheka, akaniambia hakumbuki kuwa mimi ndiye niliyemwelekeza. Mimi nakumbuka, na huenda malaika wa kushoto naye anakumbuka.

Wallahu a'alam.